Vitamini za Kinyozi

Sista Wisal hakuwa mtu wa kuogopa. Kama yuko mtu katika mji wa Saida aliyewahi kumwona akiogopa, ajitokeze. Alikuwa muuguzi wa wodi ya saratani tangu wodi yenyewe ilipokuwa chumba kimoja kando ya jiko, na mishipa iliyokwisha kuchoka na sindano ilimtii yeye tu. Daktari akikosa mshipa husema, mwiteni Wisal. Wisal huja, humwuliza mgonjwa habari za mkwewe, na kabla mgonjwa hajamaliza kumsengenya huyo mkwe, sindano imeshaingia.

Ila neno lenyewe, saratani, alikuwa halitaji. Na asionewe, jamani, maana mji mzima haulitaji. Watu husema "ule ugonjwa", tena kwa kunong'ona, kisha hugonga mbao kujikinga na kusema "uwe mbali nasi". Mama yake aliishi hivyo, bibi yake hivyo hivyo, na hata kibao cha mlangoni pale kazini kiliandikwa "Wodi ya Ghorofa ya Tatu", basi.

Balaa lilianza hospitali ilipotangaza kwamba kuanzia mwaka mpya hakuna muuguzi atakayetundika dripu za wodi ile bila cheti cha ubingwa. Asiye nacho atahamishiwa kliniki ya macho. Mtihani wa kuandika Wisal aliupita bila jasho. Wa mdomo ndio uliomtia adabu, tena mara mbili. Mtahini hujifanya mgonjwa na kuuliza, "Sista, nina ugonjwa gani?" Mara ya kwanza Wisal alimjibu, "Huna kitu, roho yangu, ni uchovu tu." Mara ya pili alimwambia amwulize daktari, kisha akaenda kumletea kahawa. Nafasi iliyobaki ilikuwa moja.

"Na huko kwenye macho nitafanya nini mimi?" alimwuliza Rudayna. "Niwashike watu mkono wakisoma herufi ukutani?"

Rudayna ndiye muuguzi kijana aliyepewa kazi ya kuwafundisha wenzake kwa ajili ya cheti. Wote walikuwa wamefaulu, akabaki na huyu mmoja, ambaye ndiye aliyemfundisha yeye kuchoma sindano. Wakajifungia chumba cha chai.

"Shangazi, sema: saratani."

"Uwe mbali nasi."

"Lakini hujalisema bado."

"Nimetanguliza kinga."

"Basi liimbe, pengine litatoka."

"Niimbe ule ugonjwa? Umerogwa wewe?" Na akagonga meza ya chai, maana hiyo ilikuwa ya mbao.

Siku zikaenda hivyo, Rudayna akikonda, meza ikipata alama za vidole.

Sasa, ukuta wa chumba cha chai ulikuwa mwembamba, na upande wa pili alilala Abu Nazih, kinyozi wa soko la zamani. Mkewe, Ummu Nazih, alikuja kila siku na masufuria ya majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, na kila siku alimvuta Wisal kwa mkono wa nguo pale mlangoni. "Usimwambie, mwanangu. Akijua atakufa kwa hofu kabla ya kufa kwa ugonjwa." Nyumbani walikuwa wamemwambia ni kidonda cha tumbo. Dripu ni vitamini. Nywele zilipoanza kubaki kwenye mto, wakamwambia ni shampuu ya Kituruki. Daktari naye akiulizwa na Abu Nazih hutazama saa yake, maana alishakubaliana na watoto wa mzee wamfiche.

Na kinyozi huyo alikuwa na ugomvi mmoja na Wisal. Kila mkewe akija, na hasa akienda bafuni kuosha masufuria, alifungulia televisheni kwa sauti ya kutia watu kichaa. Wisal alimgombeza, akapunguza. Kesho yake, yale yale.

Asubuhi moja Wisal alipokuja kumwekea dripu, Abu Nazih alisema, "Sista, hilo somo lenu la ukutani mbona halisongi mbele? Nifanyie mazoezi mimi. Nitakuwa mgonjwa."

"Wewe ni mgonjwa."

"Basi sitapata taabu ya kuigiza."

Wisal akapima, akaona mchezo haumdhuru mtu. "Lakini tuelewane. Wewe huna, Mungu akuepushie. Tunaigiza tu."

"Sina. Twende." Abu Nazih akajiweka sawa kwenye mto, akatoa sauti ya kinyonge. "Sista, nina ugonjwa gani?"

"Kidonda cha tumbo."

"Umefeli. Rudia."

"Una... una uvimbe fulani usio na adabu."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Umefeli, ila huo nitawasimulia wateja." Akanywa maji. Halafu akavua kofia yake ya kufuma, akaiweka magotini, na kichwa chake kikawa wazi, hakina hata unywele.

"Wisal, mwanangu," alisema, na sauti haikuwa ya kuigiza tena. "Nimeshika vichwa vya mji huu tangu ujana wangu. Hata kadhi nimemnyoa. Leo naambiwa nywele zangu zimeng'oka kwa shampuu. Mtu wa kumdanganya kwa nywele ni mimi? Kila ninayemwuliza anatazama viatu vyake. Nina hofu, tena hofu nyingi, na sina wa kuzungumza naye, kwa sababu kila mtu ananiambia vitamini. Sasa wewe una mtihani unaotaka jibu, na mimi nalitaka jibu hilo hilo. Nina ugonjwa gani?"

Wisal akatafuta mbao. Kitanda chuma, kimeza plastiki, kiti chuma na plastiki. Aliona uchungu, akaona na haya, kwamba miezi yote hii amemshika huyu mzee mishipa na kumwacha peke yake. Mkono uliokuwa ukitafuta mbao ukatua juu ya mkono wa Abu Nazih.

"Una saratani, Abu Nazih," alisema. "Ya tumbo. Na hizi si vitamini, ni dawa yake. Picha ya juzi inaonyesha uvimbe umepungua. Kupona sikuahidi. Lakini ukiniuliza, sitakuficha tena."

Dari haikuanguka. Mzee alilia kidogo, bila aibu, akajifuta kwa kofia.

"Basi ile shampuu nimeitupa bure," alisema. "Umefaulu."

Wisal akaenda kumweleza daktari alichokifanya, akitegemea kufokewa. Daktari akashusha pumzi, akasema atakwenda kuongea naye mwenyewe mchana, na safari hii saa yake ataiacha mezani.

Siku ya mtihani akaja Profesa Khaldun kutoka Beirut, mtu mnene mwenye suti ya kijivu. Akaketi, akashika tumbo, akauliza, "Sista, nina ugonjwa gani?"

Wisal akavuta kiti mpaka magoti yao yakakaribiana. Akamshika mkono. Akamwambia, taratibu, macho kwa macho, kwamba ana saratani, kwamba dawa ipo, kwamba aulize lolote, na kama hataki kuuliza, atakaa naye hivyo hivyo. Alisema vizuri mno. Profesa rangi ilimtoka. Akachomoa mkono wake na kugonga meza.

"Uwe mbali nasi," alisema. Akakohoa. "Umefaulu, Sista. Umefaulu bila shaka." Alipofika mlangoni akarudi, akalegeza tai. "Samahani. Hebu nitazamie hii chunjua shingoni."

Wisal alirudi wodini na boksi la sanyura, zile biskuti za samli za mji wao. Mlangoni akakutana na Ummu Nazih na sufuria lake, na mkono wa nguo ukavutwa kama kawaida.

"Usimwambie, mwanangu."

"Mama, ingia ukae naye. Ana neno la kukuambia."

Ndani televisheni ilikuwa ikipiga kelele tayari. Abu Nazih akapapasa kitanda, mkewe akakaa ukingoni.

"Nina saratani," alimwambia. "Ninajua."

Ummu Nazih akaliweka sufuria sakafuni. "Tangu lini unajua?"

"Tangu ulipoanza kuosha masufuria ambayo bado yana chakula."

"Nilifungua bomba," alisema mkewe. "Nilidhani hunisikii."

"Na mimi niliongeza sauti, upate kulia kwa nafasi."

Ummu Nazih akampiga kwa kitambaa cha sufuria, akampiga tena, akamwita mzee mwongo asiye na haya, kisha akapanda kitandani na viatu vyake, akamwekea kichwa kifuani, akaanza kulia kwa sauti ambayo wodi nzima iliisikia.

Wisal akazima televisheni, akatoka, akawafungia mlango.