Hesabu ya Mijusi wa Butiama

Mama mkwe wangu aliwaua mijusi wangu sita Ijumaa moja saa tatu asubuhi, kwa mpini wa fagio, kila mmoja pigo moja. Nilirudi kutoka mwaloni Mwigobero kununua dagaa nikamkuta amewapanga barazani, vichwa vimepondeka, naye ananawa mikono taratibu.

"Nimekusafishia nyumba, mama Samia," akasema.

Bi Mwamvita alikuwa amefika jana yake kutoka Nyasura, Bunda, bila kualikwa, kama kawaida yake. Hakunipenda tangu mwanawe Khalidi aliponiposa, nami sikuwahi kujisumbua kumpenda. Kwake yeye, mwanamke anayepasua mijusi iko siku atawapika.

"Mama, hao walikuwa kwenye ndoo zenye vifuniko. Ulifuata nini huko?"

"Ndoo zenyewe si zinaonyesha ndani? Nimemaliza kuswali Dhuha, kugeuka nawaona vichwa juu chini, juu chini. Hao wanatuigaga tukiswali. Makafiri. Na leo Ijumaa."

"Mjusi kafiri ni yule mdogo wa ukutani. Hawa ni wa mwambani. Wanatikisaga kichwa kumtisha dume mwenzao."

"Kafiri ni kafiri. Anayemuua kwa pigo moja ana thawabu mia. Hesabu mwenyewe."

Naomba nieleze hasira yangu, nisije nikaonekana ninalilia mijusi. Shahada yangu ya uzamili ilikuwa ndani ya zile ndoo sita. Ndani ya korodani za mjusi dume, kabla mbegu hazijakamilika, kromosomu, uzi wa urithi, iliyotoka kwa baba hulala ubavuni mwa ile iliyotoka kwa mama. Zinashikana, zinabadilishana vipande, ndipo zinaachana. Kila mahali zinaposhikana huonekana fundo. Kwa kubadilishana huko, watoto wa tumbo moja hawafanani.

Kwa mijusi wa miamba ya Bunda, kromosomu kubwa kuliko zote ina mafundo matatu. Kwa wale wa Butiama nilikuta fundo moja tu, mwishoni kabisa. Sehemu yote iliyobaki haibadilishani tena kitu. Inarithiwa nzima nzima. Mijusi hao wameanza kushika njia yao, kuelekea kuwa aina nyingine, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuliona hilo.

Kwa bahati mbaya, msimamizi wangu, Dokta Stanslaus, aliwahi kuandika miaka kumi na moja iliyopita kwamba wa Butiama nao wana mafundo matatu. Badala ya kurudia hesabu yake, aliandika barua chuoni kwamba nimepika namba. Tukakubaliana kwa maandishi: mijusi sita wa Butiama waletwe hai mbele yake, wapasuliwe akiona, ahesabu mwenyewe. Siku yenyewe ilikuwa hiyo Ijumaa. Chuo kilikuwa likizo, nikaruhusiwa kuja na hadubini nyumbani.

Dokta alipiga hodi nikiwa bado nimeinama barazani. Akatazama ile safu ya maiti, akatabasamu.

"Wamekufa siku ya ukaguzi. Pole sana, Najat."

"Nimewaua mimi," akasema Bi Mwamvita. "Usimtazame huyo. Huyo hata kuua hajui vizuri."

Nilimgusa mmoja tumboni. Alikuwa bado laini, hajakakamaa. Seli hazikuwa zimeharibika bado, na pigo lilikuwa la kichwani tu. Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilimpasua palepale, nikatoa korodani, nikazilowesha, nikadondosha tone kwenye kioo, likakauka, nikalipaka ile dawa ya zambarau wanayotumia kupimia malaria. Kazi ile ilichukua zaidi ya saa moja. Bi Mwamvita aliketi mlangoni akisukuma tasbihi na kunikodolea macho.

Nikatafuta seli nzuri, nikampisha Dokta. Akaangalia muda mrefu. Nikaona jasho linamtoka shingoni.

"Matatu," akasema.

Nikainama nikaangalia. Lilikuwa moja. Mtoto angeliona.

"Dokta, hilo ni moja."

"Matatu. Mawili yamelaliana. Jicho lako ni changa."

"Nipishe," akasema Bi Mwamvita. "Nataka nione kitu kinachofanya watu wazima wadanganyane nyumbani kwa mwanangu."

Akafumba jicho moja, akainama. Nilijiandaa kwa lolote. Mwanamke huyu angenizika akiwa na sababu ndogo kuliko hiyo.

"Hii mistari mirefu miwili, imeshikana mahali pamoja. Huku mwisho. Kwingine kote imeachana."

"Mama, hayo mambo hujayasomea," Dokta akasema.

"Kuhesabu moja kunasomewaga?"

Stanslaus akavuta daftari la ukaguzi, akaandika: *fundo moja*. Lakini kalamu haikusimama. Chini yake akaongeza kwamba sampuli zote sita ziliuawa na mama mkwe wa mtafiti kabla ya ukaguzi, kinyume cha makubaliano, kwa hiyo hesabu hiyo haitambuliki. Akatia saini, akaniachia daftari, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Bi Mwamvita alilisoma daftari kwa kidole, mstari kwa mstari. Akalirudia.

"Si ukakamate wengine huko Butiama?"

"Hao walikuwa wa mwisho wa msimu. Sasa korodani zinanywea. Mpaka mwakani."

"Mwaka mzima?"

"Mwaka mzima. Na chuo hakitanisubiri."

Akaishusha tasbihi mapajani. Akanitazama, akasubiri, na nilijua anasubiri nini: nimwambie si kosa lake. Lakini lilikuwa kosa lake, nikaenda kuwaokota wale mijusi.