Mlima Wenye Homa

Phanice alitoka Migori alfajiri akiwa na kamba ya kufungia godoro. Alipofika shuleni, chini ya Mlima Homa, hakukalia hata kiti alichopewa.

"Mwalimu, nimekuja kumchukua binti yangu Nyakerario. Hamkuniambia mlima huu ni volkano."

Ondieki, mwalimu wa jiografia, alitabasamu. "Mama, huo umelala."

"Sisi Wasabato tukisema mtu amelala, tunajua ataamka. Tena unaitwa Homa, na chemchemi zake ni za moto. Homa gani isiyopanda?"

Nyakerario alikuwa mlangoni akiomba ardhi ipasuke immeze. "Mama, hiyo Homa si ya Kiswahili! Aki unaniaibisha."

"Aibu haijaunguza mtu. Haya, wewe unayetaka kubaki, nieleze. Huo moto ulitoka wapi?"

"Si moto, ni mawe yaliyoyeyuka. Ardhi ya huku ilivutwa kama chapati, ikawa nyembamba. Mwamba wa chini una joto kali, lakini hauyeyuki kwa sababu umekandamizwa. Uzito ukipungua, unayeyuka. Ukiyeyuka unakuwa mwepesi kuliko mawe yaliyouzunguka, basi unapanda."

"Kupanda si kulipuka."

"Una gesi ndani. Ukikaribia juu haubanwi tena, kwa hivyo gesi inatoka kama mapovu. Ikipata njia inapita. Ikikosa..."

"Ngoja." Phanice aliuza uji wa wimbi stendi ya Migori kwa miaka mingi, na mkono wake ulikuwa na makovu ya kazi hiyo. "Uji mwepesi unatokota tu. Mzito unashika hewa, halafu unakurukia."

"Ndivyo hasa!" Mwalimu alisahau kutabasamu. "Mawe hayo yaliyoyeyuka ndiyo zaha. Zaha nzito hulipuka, nyepesi hutiririka."

"Na huu ulikuwa upi?"

"Mawe yake yanaonyesha yote mawili, zamani sana."

"Utaamka lini?"

Ondieki alikuna kidevu. "Sijui, Mama. Lakini kwa kawaida volkano haiamki kimya. Ardhi hutetemeka kwanza, huvimba."

Lile "sijui" lilimtuliza Phanice kuliko tabasamu lote la mwanzo. Mtu anayekiri asichojua, huenda anachokijua ni kweli.

"Ikitetemeka, watoto wanakimbilia wapi?"

Mwalimu alimtazama Nyakerario. Nyakerario alitazama sakafu.

"Nilijua," alisema Phanice. Alimshika binti yake mkono, wakatoka langoni wakafuata njia ya ng'ombe hadi barabara kuu. Nyakerario alilia njia nzima, akidhani ameshaondolewa shule. Barabarani, mama yake alitazama saa.

"Dakika kumi na nane, na unatembea kama bibi harusi! Waonyeshe wenzako njia hii leo. Ardhi ikitikisika msingoje kengele, msingoje kiatu."

Nyakerario alifuta kamasi. "Kwani nabaki?"

"Utawaonyesha ukiwa Migori?"