Swichi ya Chaki

Jumamosi saa saba mchana, mama mshonaji alikuwa anapinda suruali za wateja na bintiye kitindamimba ameketi sakafuni akijaza fomu ya chuo kilekile cha ufundi umeme alichosoma kaka yake. Kaka mtu akaingia, akampiga binti kofi lililomtupa hadi kwenye miguu ya cherehani. Kaka mtu alikuwa amekufa mwaka juzi.

"Usoni hapana," mama alisema bila kusimamisha sindano. "Mpige mgongoni."

Akampiga mgongoni. Alitumia mkono wa kulia, ule ambao umeme uliubakizia vidole viwili, kisha akaichana fomu, akanywa maji jagi zima, akaenda zake. Sauti hakuwa nayo, moto ulikuwa umempitia kooni. Hiyo ilikuwa fomu ya tatu, na kila mara alikuja Jumamosi. Ya kwanza ilimgharimu binti jino, ya pili ubavu. Majirani walisema kaka ni kaka, hata akifa.

Cheti cha kaka mtu bado kilikuwa kimetundikwa juu ya cherehani, na muhuri wake wa dhahabu ulikuwa mkubwa kama kisosi. Katika chuo kile hapakuwa na soketi hata moja. Miaka miwili mwalimu alichora nyaya ubaoni kwa chaki, na swichi kuu akaichora kushoto mwa mlango siku zote, kwa kuwa ndiko ubao ulikobaki na nafasi. Siku yake ya pili kazini, kaka mtu aliingia kwenye ghala, akazima swichi ya kushoto kama alivyofundishwa, akashika waya. Ile ya kushoto ilikuwa ya pampu ya maji. Walimnasua kwa mpini wa ufagio, ngozi ya kiganja ikabaki kwenye waya. Mwajiri alisema mtu mwenye cheti alipaswa kujua.

"Kaka yako nilimnunulia mbuzi kwenye gunia," mama alisema, akimkanda binti mgongo kwa maji ya moto. Ndiye aliyeuza cherehani ya pili ili mwanawe asome. "Umeme utasoma, sikukatazi. Ila safari hii gunia lifungue kwanza."

Jumatatu binti alikwenda ofisi ya usajili wa vyuo, mdomo umevimba, vipande vya fomu vimo mfukoni. Karani aliviunganisha mezani, akasoma namba ya usajili, akafungua daftari lake.

"Namba hii ni ya chuo cha ususi," alisema. "Kilifungwa zamani."

"Na cheti cha kaka yangu?"

"Karatasi nzuri. Lakini ni karatasi."

"Sasa mbona hamuwafungii?"

"Hatujapata malalamiko. Mlalamikaji lazima awe mwanafunzi mwenyewe, aje asaini."

"Alikufa."

"Aje na cheti cha kifo. Anapatikana lini?"

"Jumamosi tu."

"Aa, mdogo wangu. Jumamosi tunafunga."

Hata hivyo karani hakuwa na roho mbaya. Alimwandikia chuo kimoja kilichomo daftarini, na binti akaenda kukiona kabla ya kugusa fomu. Aliomba aonyeshwe swichi kuu. Ilikuwa kulia, nyuma ya kabati, na mwalimu alimtaka aizime kwa mkono wake mwenyewe, kisha apime waya kabla ya kuugusa.

Jumamosi iliyofuata kaka mtu aliingia, mkono juu. Binti akamwonyesha fomu ya chuo kile kingine. Kaka mtu aliitazama kwa muda, akashusha mkono, akanywa maji yake. Kisha akaenda moja kwa moja hadi kwenye geti la chuo chake cha zamani, ambako waombaji walikuwa wanasukumana na fomu zao, akaanza kuwapiga.

Alipiga kweli. Meno yalidondoka kwenye vumbi, pua zikapasuka, mmoja akatoka na mkono unaning'inia. Hakuna aliyeondoka, ila walijipanga. Mkuu wa chuo alitoka nje, akaiona foleni imenyooka kwa mara ya kwanza, akampa marehemu kofia ya mlinzi na rungu. Wazazi walifurahi sana. Walisema chuo kile kina nidhamu, na muhula uliofuata foleni ilikunja kona.

Jumamosi moja binti alipita hapo akielekea darasani, bisibisi mfukoni. Kaka mtu alikuwa anapiga na kulia, machozi yanatiririka kwenye shavu lililoungua, na kila aliyepigwa alijifuta damu, akapokea fomu nyingine dirishani.

"Namba yao ni ya chuo cha ususi!" binti alipaza sauti. "Kilishafungwa! Kaulizeni ofisi ya usajili!"

Msichana mmoja aligeuka, taya amelishika kwa mikono miwili.

"Dada," alisema, "panga foleni kama wenzio."

Kisha akasogea mbele, maana zamu yake ilikuwa imefika.