Ferdia Golini, Mimi Garini

Msimu mzima wa ligi ya taifa sikutazama mechi hata moja, na mwanangu ndiye aliyekuwa golini. Kila Jumapili Murt, mume wangu, alipanda jukwaani na kofia yake, nami nikabaki garini, katika lile shamba la matope tunaloliita maegesho, na chupa ya chai na redio. Redio yenyewe niliipunguza sauti hadi nisikie tu kwamba mtangazaji bado anapumua. Watu walinicheka. Wacheke. Wao hawakuzaa kipa.

Katika hurling, mchezo wetu wa kupiga mpira mdogo kwa fimbo, mshambuliaji akikosa, kosa lake linasahaulika kabla chai haijapoa. Kipa akikosa, watu wanamkumbusha mpaka anaoa. Mwaka jana, mechi ya mwisho, mpira ulipita katikati ya miguu ya Ferdia. Haukupigwa hata kwa nguvu, ulijikokota tu. Kaunti yetu ilinusurika kushuka daraja kwa sababu wengine nao walifungwa, lakini Ferdia hakunusurika. Aliitupa fimbo yake kwenye banda la ndama. Akaacha kwenda kanisani, jambo ambalo padri alilizoea, kisha akaacha kwenda dukani, na hapo nikaanza kuogopa.

Lorcan, kipa mwingine, alipohamia Australia kama vijana wengi wa hapa, meneja alikuja jikoni kwetu kumbembeleza Ferdia arudi. Akakubali, kwa sharti aliloniambia mimi peke yangu huku akikausha vyombo.

"Tukishuka safari hii kwa sababu yangu, Mama, namfuata Lorcan. Na sirudi."

Sina ugomvi na Australia. Nusu ya majirani zangu wana watoto huko, na kila Krismasi wanatuonyesha picha za watoto hao wakiwa ufukweni bila shati. Mtoto aende kwa kupenda. Wa kwangu angekwenda kwa kuwakimbia watu wa dukani, na aibu hiyo angeibeba hadi huko.

Basi tukaanza Februari, na mvua yake, na vipigo vyake. Kila Jumapili nilimwandalia mikate ya nyama ya nguruwe na haradali, nikaifunga kwenye karatasi ya foili, nikaiweka kiti cha nyuma. Kila Jumapili alitoka uwanjani, akaketi kando ya hiyo mikate, akasema, "Sina njaa." Mikate ikaishia kwa Tess, mbwa wetu, aliyenenepa hata akashindwa kupita chini ya geti. Njia nzima Murt alinisimulia mechi, mkono mmoja ukipiga mipira hewani.

"Dympna, ungeiona ile ya kipindi cha pili!"

"Nisingeiona. Shika usukani."

Mwisho wa Machi tukafika pale nilipopaogopa: sisi na majirani zetu wa ng'ambo ya mto Shannon, anayefungwa anashuka. Hadi mapumziko tulikuwa mbele kidogo. Kipindi cha pili kilipoanza, ukungu ulipanda kutoka mtoni ukaumeza uwanja. Sasa kila mtu alijua kwamba mwamuzi angepaswa kuivunja mechi, na kila mtu alimwombea asiivunje, maana tungerudia wiki ijayo. Mimi wiki nyingine kama ile nisingeiweza.

Niliongeza sauti ya redio kwa mara ya kwanza.

"Wasikilizaji, nitawaambia ukweli," mtangazaji alisema, "sioni kitu. Naona bendera ya kona. Au ni mzee mmoja amesimama." Kisha akaanza kuisifu keki aliyoletewa na akina mama wa chai.

Keki! Mwanangu yuko ndani ya ukungu na mtu ananisimulia keki. Nikafungua mlango nikashuka. Pale getini alikuwa Packie, mkata tiketi, ambaye tulisoma naye.

"Dympna? Unatafuta choo?"

"Nifungulie, Packie."

"Hamna cha kuona humu ndani."

"Ndiyo maana nakuja."

Nilipapasa ukuta hadi nyuma ya goli letu, nikashika waya. Na pale, hatua chache mbele yangu, ulikuwepo mgongo wa Ferdia na namba moja yake. Kati yake na ukungu hapakuwa na mtu. Bwana mmoja kando yangu alininong'oneza kwamba tunaongoza kwa pointi mbili na muda umekwisha. Goli ni pointi tatu, kwa hiyo goli moja lingetushusha.

Filimbi ikalia. Bwana yule akavua kofia.

"Penalti," akasema. "Ya kwao."

Niligeuka niondoke, na sioni haya kusema hivyo. Kisha nikaona soksi yake moja imeshuka hadi kwenye kifundo, kama ilivyokuwa ikishuka alipokwenda shule, nikashindwa kumwacha peke yake.

Mpigaji hatukumwona. Tulisikia tu fimbo ikiugonga mpira, na mpira ukatokea ukunguni chini chini, kando ya mlingoti. Ferdia akajirusha. Fimbo ikagonga tena, karibu safari hii, na ilikuwa yake. Mpira ukaanguka mbele ya mstari, akaulalia, akainuka nao mkononi, akaupiga kwa nguvu zake zote ukapotea kule ulikotoka. Msaidizi wa mwamuzi, na koti lake jeupe, hakuigusa bendera inayoinuliwa goli likiingia. Filimbi ya mwisho ikalia.

Jukwaani kimya kabisa. Maskini, hawakujua.

Ferdia akageuka kuchukua taulo lake akaniona.

"Mama? Umekuja lini?"

"Pandisha soksi," nikamwambia. Ndilo neno nililoweza.

Murt alifika garini akihema, kofia mkononi.

"Wanasema tumebaki! Lakini ameizuiaje? Kwa fimbo? Kwa mguu? Msimu mzima naona kila kitu, leo nimelipa kiingilio nimetazama mvuke!"

"Endesha," nikasema, "nitakusimulia."

Ferdia alipoketi nyuma tukaondoka, nami sikuwa na haraka. Nilianzia kwa Packie na choo. Murt alikuwa akiniomba nifike kwenye penalti, nami ndiyo kwanza napapasa ukuta, pale tuliposikia karatasi ya foili ikitoa mchakacho nyuma.

"Mama," Ferdia akasema mdomo umejaa, "hii mikate ni yangu yote?"

"Yote."

Tulimsikiliza akila hadi njia panda. Hapo ndipo nilipothubutu kumuuliza habari za Lorcan.

"Nimemwandikia. Nimemwambia Krismasi anitafutie godoro, nitakwenda kutembea."

"Kutembea tu?"

"Mama, mechi za ubingwa zinaanza mwezi ujao. Niende wapi sasa?" Akakunja karatasi. "Hakuna mingine?"

Tess alitungoja getini, kama kila Jumapili. Nilimwekea ile karatasi tupu, akainusa, akaigeuza, akanitazama kama mtu aliyeibiwa. Nikakaa pale mlangoni na koti langu la mvua, nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na Ferdia ndani akaanza kufungua makabati.