Shahidi wa Maji Yanayopanda

Mume wangu Simai alikuwa mwongo kwa miaka kumi na minane, na mimi nikawa mke wa mwongo. Nnasema hivyo kwa sababu ndivyo Makunduchi nzima ilivyosema, na sitaki mtu aje kunisahihisha mambo ya nyumbani kwangu.

Uwongo wake ulikuwa mmoja tu. Mwaka wa pili wa ndoa yetu alikwenda mjini kufanya kibarua kwenye bustani mpya ya Forodhani, akachimba mitaro ya mabomba miezi minne. Aliporudi akasema kaona maji yanapanda. Hayachotwi, hayavutwi kwa kamba, hayarushwi na mtu. Yanatoka kwenye jiwe, yanakwenda juu kupita kichwa cha mtu, kisha yanaanguka kwenye birika, na watu wamekaa pembeni wanayatazama.

"Wanayatazama ili iwe nini?" nikamuuliza.

"Kwa sababu ni mazuri," akasema.

Sasa nyie fikirini. Sisi maji yetu yalikuwa pangoni. Unashuka mawe yanayoteleza, unainama gizani, unachota kata kwa kata, unapanda na mtungi kichwani magoti yanalia, na ukifika juu ukiyaonja yana chumvi. Mwali akimwaga kata moja, mama mkwe anamtazama wiki nzima. Halafu anakuja mtu kunambia mjini maji yanarushwa hewani yatazamwe. Nilicheka, tena mbele ya wageni. Kaka yangu Makungu, imamu wa msikiti wetu, akamwambia, "Maji hufuata mkondo, shemeji. Hayapandi." Tangu siku hiyo mume wangu akaitwa Simai Majijuu.

Jina la utani halimuui mtu. Kilichomuua Simai ni mwezi. Ilikuwa ishirini na tisa ya Shaabani, watu wote tumesimama kwenye uwanja wa mawe upande wa machweo, mawingu mengi, tunautafuta mwezi wa Ramadhani. Simai peke yake akasema kauona. Makungu akauliza nani mwengine kauona, hakujitokeza mtu. Ndipo Usi, jirani yetu, mtu asiyejua kufunga mdomo, akasema, "Aliyeona maji yakipanda, leo kaona mwezi." Watu wakacheka. Makungu akaukataa ushahidi, na asubuhi tukanywa chai. Adhuhuri gari la shamba likafika kutoka mjini, dereva midomo mikavu. Mjini kote wamefunga.

Tulilipa siku ile baada ya Idi. Makungu akasema Simai kabahatisha.

Basi mume wangu akanyamaza. Alikaa barazani akisokota kamba za makumbi ya nazi, akiyapapasa kwa vidole, maana na macho nayo yalishaanza kuingia ukungu. Hakwenda tena uwanjani, na hakuna jirani aliyemwita kushuhudia ndoa ya mwanawe. Mwanamume aliyekataliwa ushahidi unaweza kumkalia mbele ukazungumza mambo yako kama hayupo. Mimi nilikuwa nkimtazama moyo unaniuma, na juu ya maumivu hayo bado nilikuwa siyaamini yale maji yake.

Rajabu ya mwaka uliofuata Makungu alikuwa na safari ya mjini kununua taa ya karabai ya msikiti. Nikamwambia nnakwenda naye, tuyaone hayo maji. Yasipopanda, mimi mwenyewe ntamwita Simai mwongo mpaka kaburini. Yakipanda, yeye Makungu atasimama Ijumaa mbele ya watu aseme kakosa. Makungu alikubali upesi, kwa jinsi alivyokuwa na hakika.

Simai nilimuaga alfajiri. Hakuacha kusokota. "Usende, Kidawa," akasema. "Kama hukuniamini mimi, utayaamini maji?"

Nikavaa buibui langu nikaenda.

Karabai ilinunuliwa asubuhi, na baada ya adhuhuri tukafika Forodhani. Bustani ilikuwa imefagiwa, majani yamekatwa sawasawa, maua mekundu yamepangwa kwa safu. Katikati palikuwa na birika kubwa la duara, na ndani yake nguzo ya jiwe iliyochongwa. Birika lilikuwa kavu. Ndani mlikuwa na majani makavu na ganda la chungwa.

Makungu alilitazama lile ganda, hakucheka. Angecheka ingekuwa nafuu. "Haya, Kidawa," akasema taratibu, "gari linaondoka saa tisa."

Mimi si mtu wa kulia hadharani, lakini siku ile nilikaribia. Nilimwona akilini Simai pale barazani na kamba yake, nikaona nimekuja kumzika kwa mikono yangu.

Mtunza bustani, mzee mmoja jina lake Mmanga, alikuwa anaokota takataka. Nikamwamkia, akaitika marahaba. Nikamuuliza hili jiwe kazi yake nini. Akasema, "Hapa maji yanapanda, mwanangu. Leo siku ya bendi, ntayafungua baada ya laasiri."

"Baada ya laasiri gari limeshakwenda," akasema Makungu.

"Nenda nalo," nikamwambia. "Mimi nnakaa."

"Utalala wapi, mtu mzima wewe?"

"Hapa hapa. Ulikuwa na haraka ya kumkataa mume wangu, basi leo subiri kidogo."

Nikakaa ukingoni mwa birika nikakusanya buibui langu. Kaka yangu anaogopa aibu kuliko simba. Alizunguka bustani mara mbili na karabai yake mkononi, kisha akakaa, hatua kumi mbali nami. Gari likaenda. Tukasali laasiri, yeye msikitini, mimi kwa mwenye nyumba mmoja mwema, tukarudi. Watu wameanza kuja, wanawake na watoto wao wamevaa vizuri, na wenye tarumbeta wanapanga viti. Mzee Mmanga alishaliosha birika. Akainama penye kifuniko cha chuma, akazungusha kitu.

Kwanza jiwe lilikohoa. Wallahi lilikohoa, likatema maji ya kutu. Makungu akasema, "Ndiyo hayo?" Kisha ukaja uzi mmoja wa maji, mwembamba, ukapanda kimo cha mkono, ukasita. Ukapanda tena. Ukawa mnene, ukanipita mimi, ukampita Makungu aliyekwishasimama, ukafika juu penye jua ukafunguka, na maji yakaanza kushuka pande zote, meupe, kila tone na mwangaza wake. Na kabla haya hayajafika chini, mengine yalishapanda.

Sijui niseme nini. Nilisimama mikono imeninyanyukia yenyewe, kama ninapopokea mtungi. Shingo yangu ilikuwa imebeba maji toka nna miaka saba, na pale maji yalikuwa yanajibeba. Hakuna mgongo ulioinama. Hakuna aliyekuwa akiyavuta, hakuna aliyeyakinga, na hakuna aliyegombana. Yalinirukia usoni, nikayaonja mdomoni, yakawa matamu. Hapo ndipo nililia, na sikuona haya. Nilijua sasa kwa nini Simai alisema ni mazuri na hakuweza kuongeza neno. Alikuja kunipa kitu hiki mimi wa kwanza, nami nkamcheka mbele ya wageni.

Makungu alilizunguka birika akimtafuta anayesukuma. Akazunguka tena. Alichungulia mpaka nyuma ya maua. Mwisho akamwendea mzee Mmanga. "Nani anayapandisha?"

"Hakuna. Yanatoka juu, Chemchem, kule Bububu. Yanateremka na bomba mpaka hapa, na yakifika yanataka kurudi kimo chake."

"Kumbe yanafuata mkondo," akasema Makungu, polepole.

"Yanaufuata. Ila mkondo wake huuoni."

Kaka yangu akavua kofia, akatia mkono majini, akaupaka uso. "Subhana Llah," akasema. Alikaa karibu yangu safari hii. Bendi ilipiga mpaka ikamaliza na hatukumbuki hata nyimbo moja. Tulilala kwa jamaa Ng'ambo. Nilijaza chupa ya maji yale nimpelekee Simai, na njiani nikaona upumbavu wangu, maana maji yakiwa ndani ya chupa ni maji tu.

Nilimkuta barazani. "Nimeyaona," nikamwambia.

Akageuza uso, lakini hakuniangalia mimi, aliangalia ilikotoka sauti. "Yamepanda kiasi gani?"

"Kimo cha watu wawili."

"Yamepungua," akasema. "Siku zetu yalikuwa watatu." Akacheka kidogo. Nikamuomba radhi. Akaniambia nimimine chai, na hilo sikujua kama ni ndiyo au siyo.

Ijumaa Makungu alisimama akasema mbele ya watu wote kwamba Simai alisema kweli, na yeye, imamu wao, alikosa. Hata Usi alikuja kumpa mkono.

Ikafika tena ishirini na tisa ya Shaabani. Safari hii walikuja kumchukua Simai nyumbani, wakamweka mbele kabisa. Sisi wanawake tulisimama nyuma yao. Jua likatua, kiwingu kimoja kimelala juu ya vichaka, na watu hawakuwa wakitazama mbingu. Walikuwa wakimtazama yeye. Neno lake lolote jioni ile wangelifungia saumu.

Mimi ndiye niliyeuona, chini ya wingu, mwembamba kama ukucha. Nikasogea nikamwambia Simai taratibu.

"Simai," akauliza Makungu, "umeuona?"

"Mimi sikuuona," akasema mume wangu. "Macho yangu siku hizi hayafiki huko. Lakini Kidawa kauona."

Usi akasema, "Wewe mwenyewe hukuuona, utajuaje?"

"Kidawa hasemi asichokiona," akasema Simai.

Hakuuliza wapi. Hakuniuliza kama nna hakika. Mimi neno lile sikupata kumsemea yeye mbele ya mtu, hata siku moja, kwa miaka kumi na minane, mpaka nlipokwenda kuyauliza maji.

Makungu akageuka. "Wapi, Kidawa?" Nikanyosha kidole, na kaka yangu akaja akasimama nyuma ya mkono wangu, akatazama upande niliomwonyesha mpaka akauona.