Jirani kutoka Tongaren

Ni Absalom mwenyewe aliyetaka waende Kitale. Kwa wiki mbili alikuwa amemsikia mkubwa wake ofisini Bungoma, Madam Phelista, akipasifu mahali papya huko: ghala la zamani la mahindi ambalo Jasleen, binti wa mwenye duka la mabati, aliligeuza mkahawa wa Kijapani, na nyuma yake chumba cha giza chenye picha zinazocheza na watu. Siku ya Mashujaa akaazima gari la kaka yake, akampitia mkewe Rispah shambani Tongaren. Hakufikiria kwamba mtu anaweza kwenda mahali kama hapo mara mbili.

Mlangoni mwa kile chumba waliambiwa wavue viatu. Rispah alisita kidogo, kisha akavua. Alikuwa amekaa shambani mavuno yote. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka, na kwenye mipasuko kulikuwa na udongo ambao sabuni haikuuweza.

Ndani, msanii aitwaye Jepkemboi aliwaeleza. Kamera za darini ziliwaona. Ukitembea, samaki wa rangi wanakufuata sakafuni. Ukisimama, wanakusanyika miguuni pako. Wawili wakishikana mikono, maua yanaota ukutani.

Rispah akamshika mkono. Maua ya manjano yakapanda, yakajikunja, yakafika darini, na watu waliokuwa nyuma gizani wakapiga makofi. Rispah akacheka kile kicheko chake cha shambani, kinachosikika mpaka boma la pili. Samaki wakamjia kwa wingi, wekundu na wa fedha, wakamzunguka miguu na kuimulika, ufa kwa ufa.

Absalom aliiona ile miguu. Akauchomoa mkono wake. Ukutani maua yakapukutika.

“Mbona umeachilia, Baba Ian?”

“Twende tukale.”

Mezani waliletewa wali uliofungwa ndani ya jani jeusi la baharini, mchuzi mwepesi kwenye bakuli, na vipande vya viazi vitamu vilivyopakwa unga na kukaangwa. Vijiti vilimsumbua Absalom. Rispah alivizoea upesi.

“Kumbe Wajapani pia wanakula mapwoni,” alisema, akichukua kipande kingine cha kiazi. “Nitamwambia mama.”

Hapo ndipo Madam Phelista alipotoka kwenye chumba cha giza na dada zake wawili. Absalom akasimama haraka.

“Kumbe na wewe unapajua hapa,” Phelista alisema. Akampa Rispah mkono. “Na huyu?”

Absalom alikuwa na nafasi ya kupumua mara moja tu, na hakuitumia vizuri.

“Huyu ni jirani yetu wa Tongaren. Tumekutana tu hapa.”

Mkono wa Phelista ulikuwa bado ndani ya mkono wa Rispah. Alimtazama mmoja, kisha mwingine.

“Jirani,” alisema polepole. “Lakini si ni nyinyi maua yenu yamefika mpaka juu? Sisi ndio tulipiga makofi.”

Rispah aliviweka vijiti chini, kimoja kando ya kingine.

“Ni sisi, Madam. Naitwa Rispah. Tumekuwa majirani miaka kumi na minne.”

Phelista alisema amefurahi kumjua, akaondoka bila kumwangalia Absalom.

Njiani Absalom alizungumzia mvua, kisha bei ya mbolea. Walipopita Ndalu, Rispah akauliza, “Ilikuwa ni miguu?”

Absalom alipunguza mwendo. “Ndiyo,” akasema mwishowe.

“Sawa.”

Aliteremka langoni kabla injini haijazimwa.

Kesho yake Absalom aliingia ofisini kwa Phelista. “Madam, yule ni mke wangu.”

“Najua,” alisema, macho kwenye karatasi. “Mimi hukunikosea.” Kisha akamuuliza kama kulikuwa na faili aliyohitaji.

Jumamosi akarudi Tongaren. Alimkuta Rispah uani akipukuchua mahindi pamoja na Nabwile dada yake na wanawake wengine watatu. Njia nzima alikuwa amejiambia kwamba kosa lililotendwa mbele ya watu litubiwe mbele ya watu. Akasimama pale pale, kofia mkononi.

“Juzi Kitale nilimkana mke wangu. Nilimuita jirani, kwa sababu niliionea aibu miguu yake. Naomba anisamehe.”

Mikono yote ilisimama. Nabwile aliitazama miguu ya dada yake, akageuza macho upesi. Rispah aliivuta taratibu chini ya leso.

“Hawa hawakuwa wanajua,” alisema kwa sauti ndogo. “Nilikuwa nimewaambia tulikula vizuri.”

Hakuna aliyemletea Absalom kiti. Alikaa chini ukingoni mwa lundo, akachukua hindi, akaanza kupukuchua vibaya vibaya kama karani, na wanawake wakaendelea na kazi. Kufikia saa kumi kidole gumba chake kilikuwa kimetoka malengelenge. Rispah aliyaona, akamsogezea ungo mtupu atilie punje zake.