Swali la Nyongeza

Mzee Mchakato alipoangushwa kwenye uchaguzi, mkewe alilia usiku ule tu. Kulipokucha alifuta machozi akaanza kumtafutia mumewe pa kwenda. Mtu aliyekuwa waziri miaka nenda miaka rudi, akihamishwa kutoka maji kwenda barabara, na kutoka barabara kwenda mifugo, hawezi kukaa nyumbani bila kuunda wizara. Alishaunda kamati ya kupanga makabati ya jikoni, mwenyekiti yeye, mjumbe mkewe. Fundi alipobadilisha bomba la bafuni, mzee alilifungua rasmi kwa hotuba, na fundi wa watu amesimama pale na ndoo yake, hajui apige makofi au adai chake aondoke.

"Na ule udereva?" mkewe akamuuliza. "Ulisema utanifundisha kuendesha gari, tangu hujapewa dereva wa serikali mpaka wamemchukua tena."

"Jambo hilo liko kwenye mchakato," mzee akajibu, bila hata kufikiri.

Jibu hilo ndilo lililompa jina. Bungeni, akiulizwa daraja limefikia wapi, alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti, akasema liko kwenye mchakato. Waandishi wa habari wakalidaka, watoto wa mtaani nao wakalidaka, na mwenyewe akalizoea. Watu walishasahau kwamba kabla ya hayo yote alikuwa wakili, tena moto wa kuotea mbali. Mashahidi waongo walikuwa wakimwona tu, wanasahau uongo wao.

Ofisi yake ya zamani aliirithi bintiye, wakili naye: chumba kimoja juu ya duka la vioo, na meza ile ile yenye mguu mfupi uliowekewa gazeti lililokunjwa. Mama akampeleka mzee pale asubuhi, kama anayempeleka mtoto shule.

"Mchukue baba yako," akasema. "Mimi nimechoka kuongozwa."

Binti akamtazama baba yake, akatazama meza tupu ya dirishani. "Baba, nitakupa kesi moja. Ukiiweza, meza ile ni yako. Ukiiharibu, unarudi kwenye makabati."

Mzee alicheka sana, lakini moyoni aliogopa. Miaka yote ile mikono yake ilikata tepe na kupungia umati, na wengine ndio waliofanya kazi. Hakujua kama bado kuna kitu anachokiweza. Na hilo, ukubwani, linatisha kuliko kushindwa kura.

Kesi ilikuwa ya msusi. Paa la saluni aliyopanga lilivuja, mvua ikaharibu mashine zake za kukaushia nywele, na mwenye nyumba, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya asali, alikuwa akimwahidi matengenezo msimu hadi msimu.

Siku ya kusikilizwa, mzee alivaa joho lake la ujana, likambana kwapani. Hakimu, mwanamke kijana mwenye miwani, akamruhusu amhoji mwenye nyumba. Mzee akasimama, akafunga kifungo.

"Mheshimiwa Spika," akaanza.

Watu wakaguna. Binti yake akafunga macho.

"Hakimu," mzee akajisahihisha, kisha akaendelea. Alizungumzia umuhimu wa makazi bora. Alizungumzia historia ya paa. Kila baada ya sentensi nzito alinyamaza kidogo, akingoja meza zigongwe, na hakuna aliyegonga.

"Wakili," hakimu akasema kwa upole, "shahidi anasubiri swali."

Mzee akatafuta swali kichwani, asilione. Miaka yote ile yeye ndiye aliyeulizwa. Jasho likamtoka, na ulimi ukajiendea wenyewe kwenye njia uliyoizoea.

"Naomba kutoa hoja," akasema, akakaa.

"Naafiki!" sauti ikaitikia kutoka viti vya nyuma.

Mahakama nzima ikaangua kicheko. Mzee aliijua sauti ile, ameoana nayo. Hakimu aliyekuwa akiuma midomo akagonga meza, mwenyewe akamuuliza mwenye nyumba: paa lile, vipi?

Mwenye nyumba akasimama taratibu. Akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa, jambo hilo liko kwenye mchakato."

Mzee akashtuka kama mtu aliyekutana na kioo ukutani. Yule ni yeye! Kifungo ni chake, sauti ni yake, jibu ni lake. Na kama yule ni yeye, basi anajua pa kumkamata, maana alikumbuka swali alilolihofu bungeni maisha yake yote. Mbunge mmoja mama, mfupi, wa viti vya nyuma, aliwahi kumuuliza, na kengele ya muda tu ndiyo iliyomwokoa.

Akainuka.

"Pamoja na majibu mazuri ya shahidi, nina swali dogo la nyongeza. Jambo hilo liko mezani kwa nani?"

Mwenye nyumba akakohoa. "Kwa fundi."

"Fundi anasubiri nini?"

"Mabati."

"Nani wa kununua?"

"Msimamizi wa nyumba."

"Msimamizi ni nani?"

Sauti ya asali ikakauka. "Mimi."

"Na wewe unamsubiri nani?"

Hapa hapakuwa na kengele. Mwenye nyumba akatazama dari, ambayo haikuvuja, akakaa. Hakimu akaamuru paa liezekwe kabla ya mvua na mashine za msusi zilipwe. Binti akamkumbatia baba yake kwa nguvu mpaka joho likachanika kwapani.

"Meza ni yako, Baba," akasema. Mzee akalikunja joho lililochanika, machozi yakimlenga.

Nje, kwenye uwanja wa kuegesha magari, mkewe alikuwa akimngoja, mikono kiunoni.

"Hongera, Mheshimiwa. Pamoja na ushindi wako mzuri, nina swali dogo la nyongeza. Ule udereva uko mezani kwa nani?"

Mkono wa mzee ukaenda kwenye kifungo. Ukakiacha. Akatoa funguo mfukoni, akamwekea kiganjani, kisha akazunguka akakaa kiti cha abiria.

"Kwangu," akasema. "Washa, mama."

Gari likaruka kama chura, likazimika. Mama akacheka, akawasha tena.